Albamu ya metali ya kuanza nayo Dar: chagua kwa dramu, gitaa baadaye

Mtu wa Dar anayetaka kuanza kusikiliza metali, ile roki nzito ya magitaa makali, huelekezwa kwa majina ya bendi. "Kaka, anza na Metallica." Au Slayer, au Sepultura, na maelekezo yanaishia hapo. Kwangu hilo ni nusu ya jibu. Albamu mbili za bendi ileile, mpiga dramu yuleyule, zinaweza kukupa raha mbili zisizofanana hata kidogo, na mara nyingi tofauti hiyo haiko kwenye nyimbo. Iko kwenye namna dramu zilivyorekodiwa, na nafasi ambayo fundi sauti amezipa katikati ya magitaa.

Nawafahamu watu wenye masikio makini, waliokulia kwenye singeli na kwenye dansi la Sikinde na Msondo, walioiacha metali baada ya albamu moja kwa sababu "ni kelele tu". Ukichunguza walisikiliza albamu gani na kwa spika gani, unakuta masikio yao hayana kosa. Walipewa albamu iliyomiksiwa kwa ajili ya chumba chenye spika kubwa, wakaisikiliza kwa simu iliyolala mezani. Kwa hiyo hapa nalinganisha albamu chache kwa jambo moja, mlio wa dramu, na kila moja nasema inamfaa msikilizaji wa wapi: wa kwenye daladala, wa sabufa sebuleni, au wa simu tupu.

Sneya na ngoma ya mguu

Seti ya dramu ina vipande vingi, lakini kwenye metali viwili ndivyo vinavyoamua kama utaipenda albamu.

Cha kwanza ni sneya, ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma zinazogusa ngozi ya chini. Ikipigwa, nyuzi hizo hutetemeka na kutoa mpasuko mkali. Ukitaka kuijua sneya isiyoguswa na fundi, ngoja Jumamosi msafara wa harusi upite na matarumbeta juu ya pikapu. Ule mlio unaokata juu ya tarumbeta zote ndio wenyewe: mfupi, mkavu, una hewa. Ukiushika akilini utakuwa na kipimo cha kupimia sneya yoyote ya studio, maana studio huifanyia mambo matatu. Huikuza kwa mwangwi, huibana ili kila pigo liwe na nguvu sawa, au huibadilisha kabisa kwa mlio mwingine uliorekodiwa pembeni.

Cha pili ni ngoma ya mguu, ile kubwa inayolala chini na kupigwa kwa pedali. Mlio wake una sehemu mbili. Kuna kishindo, kinachokaa kwenye masafa ya chini, kiasi cha hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 hadi 100, na hicho unakisikia zaidi kifuani. Halafu kuna mgoto, ule mlio mkali wa kirungu cha pedali kinapogonga ngozi, ambao uko juu sana, kwenye hezi elfu kadhaa.

Sasa kazi inaanzia hapo. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la kawaida hulia kwenye hezi 82, wa besi kwenye hezi 41, na bendi nyingi za metali hulegeza nyuzi ili zishuke zaidi ya hapo. Huko chini kishindo cha ngoma hakina pa kukaa. Ongeza kasi: kwenye wimbo wa mapigo 200 kwa dakika, mpigaji anayetumia miguu yote miwili kupiga mara nne kwa kila pigo anatoa mapigo zaidi ya 13 kwa sekunde. Kishindo kimoja kikiachwa kilie mpaka kiishe, kinachofuata kimeshaingia, na unachopata ni mngurumo mmoja mrefu. Ndiyo maana mafundi wengi wa metali hupunguza kishindo na kupandisha mgoto, ngoma ya mguu ikabaki "ti-ti-ti-ti" inayoweza kuhesabika. Wageni wa metali husikia mlio huo wakadhani spika imeharibika. Spika ni nzima. Fundi ameamua usikie kila mguu.

Msikilizaji wa Dar ana faida kubwa hapa kuliko anavyojua. Singeli inakwenda kwenye mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, na waprodyuza wake, wa studio kama Sisso pale Mburahati, hutumia ngoma fupi na kavu kwa sababu hiyohiyo: kwa kasi ile, ngoma ndefu ingefunika wimbo mzima. Sikio lililozoea singeli halihitaji kufundishwa kasi ya metali. Linahitaji tu kupewa albamu ambayo dramu zake zimeachwa zisikike.

Mpiga dramu mmoja, milio minne

Metallica inarahisisha ulinganisho huu kwa sababu Lars Ulrich amekaa nyuma ya dramu tangu bendi ianze mwaka 1981, lakini mlio wake umebadilika vibaya sana kutoka albamu moja hadi nyingine. Mikono ni ileile, kwa hiyo unachosikia kikibadilika ni studio.

...And Justice for All ya mwaka 1988 imeupeleka mgoto hadi ukingoni. Ngoma ya mguu ni mgoto karibu mtupu, sneya ni kavu, na magitaa ya James Hetfield, ambaye ndiye mwimbaji pia, yamepunguzwa masafa ya kati hadi yamebaki ncha kali juu na uzito chini. Inayojulikana zaidi ni habari ya besi: la Jason Newsted karibu halisikiki kabisa. Newsted alikuwa mgeni, ameingia baada ya Cliff Burton kufariki kwenye ajali ya basi nchini Sweden mwezi Septemba 1986. Steve Thompson, aliyeimiksi albamu hiyo pamoja na Michael Barbiero, alieleza baadaye kwamba besi lilishushwa kwa matakwa ya bendi yenyewe. Toleo lililosafishwa upya la mwaka 2018 halikulirudisha. Mashabiki wengi bado wana uchungu na jambo hilo, na wana haki. Kijana amepiga albamu nzima ya dakika 65, halafu kazi yake haisikiki.

Lakini ipeleke albamu hiyo kwenye daladala ya kutoka Gongo la Mboto kwenda Posta. Injini inanguruma kwenye masafa ya chini, kulekule ambako kishindo na besi hukaa, na inaifuta albamu yoyote iliyojenga nguvu zake huko. Hii haina cha kufutwa. Mgoto wa Ulrich unapita juu ya injini, juu ya konda, juu ya redio ya dereva. Kwenye "One", baada ya dakika ya nne, pale miguu miwili inapoanza kupiga kwa mafungu ya haraka pamoja na gitaa, unasikia kila pigo hata kwa iyafoni za bei ndogo za Kariakoo. Kwa hiyo mtu anayesikiliza muziki njiani tu, asubuhi na jioni, namwambia bila kusita aanze na hii, licha ya yote yanayosemwa juu yake. (Na kwa kuwa mgoto unasikika wenyewe, huna haja ya kupandisha sauti kushindana na injini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha salama kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu wa foleni za Dar huzimaliza saa hizo upesi.)

Albamu ya mwaka 1991 iliyopewa jina la bendi yenyewe, inayojulikana kama albamu nyeusi, imejengwa kinyume chake karibu kwa kila kitu. Bendi ilivutiwa na mlio wa Dr. Feelgood ya Mötley Crüe ya mwaka 1989, ikamfuata prodyuza wake, Bob Rock. Rock aliwaweka kwenye studio ya One on One mjini Los Angeles na kuwataka wapige pamoja chumbani, badala ya kila mmoja kurekodi sehemu yake peke yake kama walivyozoea. Besi likarudi mahali pake. Sneya ikawa pana na nzito, ikiwa na chumba nyuma yake.

Watu husifia maikrofoni na pesa zilizotumika, nami sizikatai. Ila ninachokisikia mimi kwanza ni kasi. Nyimbo za albamu nyeusi zimepunguzwa mwendo. "Sad but True" inatembea polepole kiasi kwamba kila pigo la sneya lina muda wa kulia, chumba kikaitikia, na kimya kidogo kikapita kabla ya pigo linalofuata. Dramu kubwa hudai wimbo wenye nafasi. Chukua mlio huohuo uupachike kwenye nyimbo za kasi za 1988 na utapata tope. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini Metallica hawakutumia dramu hizi tangu mwanzo wanasahau kwamba zingewalazimisha kuandika nyimbo nyingine.

Nyumbani kwako penye sabufa, albamu nyeusi ndiyo inayoshinda, na kwa mbali. Kuna jambo moja tu la kurekebisha. Sabufa nyingi za Dar hukaa na kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho, maana ndivyo biti nyingi za bongo fleva zinavyokolea. Kirudishe katikati. Kishindo cha albamu hii kimeshawekwa cha kutosha na fundi aliyeimiksi, na ukikiongeza kinaanza kumeza sauti ya Hetfield. Kwenye daladala, kwa upande mwingine, nusu ya albamu hii hubaki kituoni. Inageuka kuwa nyimbo za polepole zenye gitaa, na mtu anayeijua kwa namna hiyo tu hawezi kuelewa kwa nini imeuzwa nakala mamilioni kwa mamilioni.

St. Anger ya mwaka 2003 ndiyo albamu ya metali ambayo sneya yake imezungumzwa kuliko nyimbo zake. Ulrich aliipiga zile nyuzi za chini zikiwa zimelegezwa, hazigusi ngozi. Kilichobaki ni ngoma ya chuma inayovuma kila inapoguswa, kama mtu anagonga debe, na imewekwa juu kabisa ya miksi kwa dakika 75. Bob Rock alikuwa prodyuza tena, na ndiye aliyepiga besi, kwa kuwa Newsted alikuwa ameondoka. Hakuna solo hata moja ya gitaa ya kukupumzisha. Ulrich mwenyewe ameendelea kuutetea mlio ule miaka yote.

Nataka kuwa wa haki kwa albamu hii. Bendi ilikuwa karibu kuvunjika, na ule uvumi usiokwisha unaifikisha hasira yao kwa namna ambayo sneya safi isingeweza. Kwa wimbo mmoja unaukubali. Kwa albamu nzima, sikio langu linachoka kabla ya nusu, na najua sababu. Uvumi ule uko kwenye masafa ya kati, mahali ambapo sikio la mwanadamu ni kali na ambapo spika ya simu ina nguvu kuliko kwingine kote. Kwa simu tupu unabaki na sneya na sauti ya Hetfield, vingine vyote vimekwenda. Usianze na hii. Isikilize ukishazijua nyingine, kwa spika nzuri, wimbo mmoja mmoja.

Death Magnetic ya mwaka 2008 ina tatizo la aina nyingine. Dramu zenyewe ni nzuri, za kawaida, na nyimbo zina kasi ya zamani. Lakini albamu nzima ilibanwa na kupandishwa sauti kiasi kwamba sneya na ngoma ya mguu zinakwaruza, kwa sababu kila kilele cha sauti kimekatwa kichwa. Ngoma ikilia sana hupasuka, na hapa imepasuka kwelikweli. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero hazikubanwa vile, na dramu zake zinapumua. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu imiksiwe upya. Ted Jensen, aliyefanya hatua ya mwisho ya kuiandaa, alieleza kwamba ilimfikia ikiwa tayari imeshabanwa. Siku hizi huduma kama Spotify huzishusha albamu zenye sauti kubwa hadi kiwango sawa na nyingine, kwa hiyo ile sauti kubwa iliyopiganiwa imepotea na mkwaruzo umebaki. Kwa sauti ya chini kidogo, ukiwa unafanya kazi nyingine, inavumilika. Ukiipandisha kwenye sabufa inachosha haraka.

Kavu au yenye chumba

Ukitoka Metallica, mgawanyiko mkubwa wa metali kwa maoni yangu uko kati ya dramu zilizokaushwa na dramu zilizoachiwa chumba. Wawili wafuatao wanatosha kuuonyesha.

Slayer, Reign in Blood, 1986. Nyimbo kumi, dakika 29 tu. Katikati ya miaka ya themanini, wakati rekodi nyingi za roki zilikuwa zinaogelea kwenye mwangwi, prodyuza Rick Rubin na fundi Andy Wallace waliuondoa. Dave Lombardo anapiga kwa kasi ya kutisha na kila kitu kiko mbele ya uso wako, hakuna ukungu. Karibu na mwisho wa "Angel of Death" vyombo vyote vinanyamaza na miguu yake inabaki peke yake kwa muda mfupi. Ule ndio mtihani wa spika yoyote. Kwa hali ya hewa ya Dar kuna faida nyingine isiyofikiriwa. Chumbani kwako kuna feni inayozunguka usiku kucha, na sauti ya feni hufunika kwanza vitu hafifu kama mikia ya mwangwi. Albamu kavu haina mikia ya kupoteza.

Sepultura, Roots, 1996. Hapa mambo yanageuka. Igor Cavalera anapiga tomu, zile ngoma za kati za seti, kuliko matoazi, mwendo ni mzito, magitaa yameshushwa sana, na bendi ilimwita mpiga ngoma Carlinhos Brown wa Bahia kuongeza ngoma za Kibrazili. Wimbo mmoja, "Itsári", walikwenda kuurekodi pamoja na watu wa Xavante, wenyeji asilia wa Brazil. Prodyuza alikuwa Ross Robinson, na aliyemiksi ni Andy Wallace yuleyule wa Slayer, jambo linaloonyesha kwamba fundi mzuri hana mlio mmoja anaoupaka kila mahali. Kwenye "Ratamahatta" ngoma za mkono na seti ya dramu zinajibizana, na mtu aliyewahi kusimama karibu na ngoma za Bagamoyo hahitaji maelezo yangu. Kama umetoka kwenye ngoma za asili au kwenye tumba za dansi, hii inaweza kuwa mlango wako kuliko Metallica yoyote. Lakini ni lazima uwe na sabufa. Kwa simu tupu, Roots ni albamu nyingine, na ni mbaya.

Kuna suala la majirani pia. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini zinatenganishwa na ukuta mmoja, na masafa ya chini hupenya ukuta wakati ya juu hukomea hapo. Roots na albamu nyeusi ni za mchana. Baada ya saa nne usiku, Reign in Blood kwa sauti ya wastani itakufurahisha wewe na mama wa chumba cha pili hatajua.

Mtu au mashine

Jambo hili huwagawa mashabiki vibaya, nami nalipitia kwa ufupi. Studio inaweza kubandika kifaa kidogo kwenye ngoma, triga, ambacho kila ngozi inapotikisika huiambia mashine icheze mlio uliorekodiwa kabla. Au inaweza kubadilisha milio kwenye kompyuta baada ya kurekodi. Faida yake ni usawa: kila mguu unasikika. Hasara ni usawa huohuo, maana mpigaji hodari hupiga vidogo na vikubwa, na vile vidogo ndivyo vinavyokufanya utikise kichwa.

Meshuggah ya Sweden inakupa nafasi ya kusikiliza pande zote mbili. Kwenye Catch Thirtythree ya mwaka 2005 hakuna mtu anayepiga dramu. Zimepangwa kwenye kompyuta kwa programu ya Drumkit from Hell, ambayo milio yake ilirekodiwa na mpiga dramu wao mwenyewe, Tomas Haake. Kwenye obZen ya mwaka 2008 Haake amerudi kitini. Milio ni ya karibu, lakini sikiliza "Bleed" ya obZen na utasikia mwili wa mtu ukifanya kazi, uchovu unaokaribia na usiofika. Nachagua obZen kila mara. Ile ya 2005 naiheshimu kwa sababu ni kipande kimoja kirefu kinachojisokota, na ubaridi wa mashine unaifaa.

Na usidhani mashine ni ya Ulaya tu. Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, walitoa albamu yao yenye jina hilohilo mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyoipeleka singeli nje. Dramu zao za kompyuta zina kasi ambayo mguu wa mtu hauifikii, na mpenzi wa singeli atazitambua kabla hajaitambua metali iliyomo. Kwa mtu wa Mburahati au Manzese ambaye gitaa linamchosha, hapa ndipo pa kuanzia.

Kama una spika moja tu

Wengi wetu hatuna sabufa na iyafoni nzuri na gari lenye redio. Kuna kimoja. Kwa mtu huyo nina jibu moja, Vulgar Display of Power ya Pantera, mwaka 1992. Mpiga dramu Vinnie Paul na prodyuza Terry Date waliipa ngoma ya mguu vyote viwili: mgoto mkali unaosikika kwenye simu, na kishindo kifupi kinachojitokeza ukiwa na sabufa. Kimekatwa mapema, kwa hiyo hakimezi kitu. Sneya ni nene lakini haina mkia mrefu. Gitaa la Dimebag Darrell, mdogo wake Vinnie, limebanwa na kunolewa mpaka likafuata kila pigo la mguu bila kuachana, kiasi kwamba wakati mwingine huwezi kusema kama umesikia ngoma au uzi. Watu wawili waliokulia nyumba moja wakipiga pamoja tangu utotoni, na fundi aliyejua kutowatenganisha. Sijui albamu nyingine ya metali inayobadilisha spika bila kupoteza sura yake kiasi hiki. Inapungua, ndiyo, kwenye simu kila kitu kinapungua, lakini inabaki albamu ileile.

Kuhusu bando: kiwango cha kawaida cha Spotify ni kilobiti 96 kwa sekunde, na cha juu sana, kwa waliolipia, ni 320. Albamu ya dakika 75 kama St. Anger hula MB 54 kwa kiwango cha kawaida na MB 180 kwa cha juu. Reign in Blood hula MB 21 au 70. Data ikibanwa, vinavyoharibika kwanza ni matoazi, ambayo huanza kukwaruza na kuchanganyika, halafu mgoto hupoteza ncha. Kishindo hubaki karibu kilivyo. Maana yake ni kwamba albamu za mgoto, Justice na Slayer, ndizo zinazoumia zaidi kwa kiwango cha chini, na bahati nzuri Slayer ni fupi. Pakua kwa wifi ya kazini au ya chuo, kwa kiwango cha juu, kisha sikiliza bila kuunganishwa. Na kabla hujailaumu miksi, fungua mipangilio ya simu uzime vile viongeza besi vilivyokuja na simu. Vinarudisha kishindo ambacho fundi alikikata makusudi.

Kabla ya kupakua albamu nzima, jaribu nyimbo tatu kwa kifaa unachokitumia kila siku, mahali unapokitumia. "Angel of Death" mpaka pale miguu inapobaki peke yake: kama hukuyasikia mapigo yakitengana, kifaa chako au mahali pako hapafai albamu za kasi, kaa kwenye za polepole. "Sad but True": kama kishindo hakikukugusa popote, huna masafa ya chini, achana na albamu nyeusi na Roots kwa sasa. Kisha "Walk" ya Pantera. Ikikuingia hiyo peke yake kati ya tatu, pakua Vulgar Display of Power nzima, na uanze na "Mouth for War" ukiwa umeshakaa, kabla daladala haijaondoka kituoni.